Shilingi 600 Zilizonifunza

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na kama wengi wetu katika shule hii ya kutwa, kengele ya jioni ikilia huwa nashika njia moja kwa moja hadi nyumbani kumsaidia mama. Katika toleo hili nataka kukusimulia kisa kilichonipata mimi mwenyewe, kuhusu tarakilishi, chama cha akina mama, na shilingi 600. Usiogope neno tarakilishi. Hata kama hujawahi kuingia katika chumba chetu cha tarakilishi ila siku ya zamu ya kukifagia, kisa hiki utakielewa.

Mama yangu anauza mboga sokoni. Tangu mwaka wa 2019 yeye ndiye mhazini wa chama chao chenye wanachama 14. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 200. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 50. Mwenye shida hukopeshwa, naye hulipa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Fedha hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu tofauti. Sheria zote zimeandikwa katika daftari moja la buluu ambalo hukaa kwa katibu.

Tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa nikimwona mama usiku, daftari lake kubwa mapajani, kalamu sikioni, akihesabu mpaka macho yanamwuma. Kwa hivyo nilipojiunga na kikundi cha tarakilishi mwaka wa 2024, nikiwa Kidato cha Kwanza, na Mwalimu akaanza kutufundisha kuandika programu kwa lugha ya Python, wazo lilinijia: mbona nisimwandikie mama programu? Binamu yangu anayesoma chuo alikuwa ametuachia kipakatalishi chake kikuukuu chenye kioo kilichopasuka pembeni. Niliketi nacho muhula wote wa tatu. Kufikia Novemba programu ilikuwa tayari. Unaingiza mikopo na malipo, nayo inakupa orodha ya kila mwanachama: amekopa ngapi, amelipa ngapi, riba ni ngapi. Orodha hiyo niliipeleka dukani kuchapishwa, na mama akaisoma mkutanoni. Wanawake walipiga vigelegele. Nami, ndugu msomaji, kichwa kilivimba kama andazi.

Likizo ya Desemba mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine siwezi kuibeba sokoni. Mtu akija kulipa katikati ya wiki nitajuaje riba yake?" Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, mama." Nikamtengenezea ukurasa wa kufungua kwenye simu yake, safari hii kwa lugha ya JavaScript. Unaandika mkopo ni kiasi gani na mtu amekwisha lipa ngapi, nao unakujibu riba ya mwezi huu na deni lililobaki. Sikutaka kufikiria tena jinsi ya kuhesabu riba. Nilichukua ile mistari ya kwenye kipakatalishi, nikaitafsiri mmoja mmoja, nikaibandika kwenye ukurasa wa simu. Ikafanya kazi mara ya kwanza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Hapo ndipo nilipopanda mbegu ya balaa.

Jumamosi ya tarehe 4 Januari 2025 chama kilikutana kuufungua mwaka, na wanachama wakakubaliana kubadilisha sheria ya riba. Zamani riba ilihesabiwa kwa mkopo wote aliochukua mtu, hata akiwa amelipa nusu. Wakaona ni uonevu. Sheria mpya ikasema riba itahesabiwa kwa salio, yaani deni lililobaki. Katibu akaiandika katika daftari la buluu. Mama aliporudi akanipa habari, na kesho yake nikafungua kipakatalishi, nikabadilisha neno moja tu: palipokuwa na "mkopo" nikaweka "salio". Nikajiambia, "Ya simu nitaibadilisha kesho." Kesho ikawa siku ya kutafuta sare, kesho kutwa ikawa ya kufungua shule. Nikasahau kabisa.

Wiki iliyofuata mwanamke mmoja anayeuza omena, jirani yetu wa sokoni, alikopa shilingi 6,000, alipe 2,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Hebu tuhesabu pamoja. Kwa sheria mpya, mwezi wa kwanza salio ni 6,000, riba ni 600. Mwezi wa pili salio ni 4,000, riba ni 400. Mwezi wa tatu salio ni 2,000, riba ni 200. Jumla ni 1,200. Lakini simu ya mama ilikuwa bado inaishi mwaka wa 2024. Ilihesabu 600, tena 600, tena 600. Jumla ni 1,800.

Mama alisoma kilichoandikwa kwenye simu, akapokea fedha, akaandika risiti, akazitia sandukuni. Hakukuwa na neno.

Siku ya mkutano wa Aprili ilifika. Tulikuwa tumefunga shule, kwa hivyo mimi mwenyewe nilikwenda kuisoma orodha, nimevaa gauni langu la kanisani. Nilipofika kwa yule mama wa omena nikasoma kwa sauti, "Riba: 600, 400, 200. Jumla shilingi 1,200." Akainuka polepole. Akafungua kitambaa alichofunga kiunoni, akatoa risiti tatu, akazipanga juu ya meza.

"Mhazini," alisema, "mimi nimelipa riba ya shilingi 1,800, na mwandiko huu ni wako. Karatasi ya mtoto wako inasema 1,200. Zangu 600 ziko wapi?"

Kimya kilitanda, ungedhani tumo makaburini. Kisha sauti ikatoka nyuma, sikuona ni ya nani: "Ndiyo maana kibanda chake kimepata mabati mapya."

Nilimtazama mama. Hakujibu. Alikuwa akiitazama ile karatasi niliyoichapisha kana kwamba imemng'ata. Mabati yale, ndugu msomaji, tuliyalipia kwa kukosa nyama tangu Krismasi. Moyo ulinidunda nusura unitoke kifuani. Nilitaka kusema kitu, lakini sikujua cha kusema, maana mimi pia sikuelewa kosa lilitoka wapi.

Mwenyekiti akaagiza sanduku lifunguliwe. Funguo tatu zikaja. Fedha zikahesabiwa mezani noti baada ya noti, mara mbili. Zikazidi karatasi kwa shilingi 600. Hakuna aliyeiba. Yule mama wa omena akarudishiwa fedha zake, akasema asante, akaketi. Mkutano ukaendelea. Lakini mama yangu, aliyeshika kazi ile miaka sita bila doa, alikuwa amehesabiwa mbele ya watu kama mwizi. Fedha ziliweza kurudishwa. Lile neno la mabati halikuweza.

Usiku ule ugali ulipoa mezani. Mama alisema jambo moja tu: "Mimi nilisoma kile simu iliniambia." Kisha akaingia kulala.

Sikulala. Niliweka kipakatalishi na simu ya mama pamoja, nikafungua programu zote mbili, nikazisoma mstari kwa mstari. Haikuchukua hata dakika kumi. Kwenye kipakatalishi: salio mara 10 gawanya kwa 100. Kwenye simu: mkopo mara 10 gawanya kwa 100. Neno moja! Nikaelewa pia kwa nini kosa lilijificha miezi mitatu. Mwezi wa kwanza mtu hajalipa kitu, kwa hivyo mkopo na salio ni namba ile ile, na majibu yanafanana. Waliokopa na kulipa kwa mwezi mmoja hawangeona tofauti kamwe. Kosa lilikuwa likimngoja yule tu ambaye angelipa kidogo kidogo, yaani yule asiye na kitu.

Nakiri kwamba shetani alininong'oneza. Rekebisha neno hilo sasa hivi, alisema, nyamaza, mambo yamekwisha, fedha zimerudishwa. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Nilipomwona mama asubuhi akijifunga leso bila kuimba kama ilivyo desturi yake, nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi Jumamosi utawaambia wao pia. Si mimi nitakayesema."

Jumamosi ilifika. Nilisimama mbele ya wanawake 14, magoti yakigongana, nikaeleza kwamba kosa ni langu, kwamba hesabu niliiandika mahali pawili na nikabadilisha pamoja. Nilitarajia matusi. Mwenyekiti wetu ni bibi wa miaka mingi ambaye hajawahi kushika tarakilishi maishani mwake. Aliniuliza swali hili:

"Mjukuu wangu, sheria ya chama ni ngapi?"

"Ni moja, bibi."

"Imeandikwa wapi?"

"Katika daftari la buluu."

"Kuna daftari la buluu la pili?"

"La, bibi."

"Sasa wewe, kwa nini ulikuwa na mawili?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa chini. Yule mama wa omena akanipigapiga mgongoni akasema, "Pole, mtoto. Utajua tu." Wengine wakacheka kidogo, na mama pia akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Shule zilipofunguliwa nilimpelekea Mwalimu wa tarakilishi kisa chote. Hakushangaa hata kidogo. Alisema hilo ndilo kosa la kale zaidi katika kazi hii, na kwamba watu walianza kupambana nalo tarakilishi zikiwa kubwa kama chumba. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kulikuwa na mashine iliyoitwa EDSAC, ambayo ilianza kazi Mei 1949. Programu zake zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Badala ya kila mtu kuandika upya hesabu zile zile, kijana mmoja aitwaye David Wheeler na wenzake walitengeneza maktaba ya vipande vya programu, kila hesabu kwenye utepe wake. Aliyehitaji hesabu fulani aliuchukua utepe wake kutoka maktaba, na kuunakili kwenye utepe wa kazi yake.

Baadaye, mwaka wa 1979, Mnorwe mmoja, Trygve Reenskaug, akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko California, alipendekeza kutenganisha kile programu inachokijua na kile inachokionyesha kwenye kioo. Na mwaka wa 1999 Andrew Hunt na David Thomas waliandika kitabu kiitwacho The Pragmatic Programmer, na humo wakasisitiza kwamba kila jambo ambalo programu inalijua lisemwe mahali pamoja tu. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu. Bibi yetu mwenyekiti hajakisoma kitabu hicho, lakini jambo lenyewe analo mfukoni.

Mwalimu akaniambia nifikirie M-Pesa. Ilipoanza nchini Kenya Machi 2007, watu waliitumia kupitia menyu iliyokuwa ndani ya laini ya simu. Leo unaweza kubonyeza *334# kwenye kabambe, au kutumia programu ya simu ya kisasa, au kwenda kwa wakala. Milango ni mingi, nyuso zake hazifanani, lakini salio lako ni lile lile. Bibi yako akiangalia kwa kabambe na shangazi yako kwa simu ya kioo, hakuna anayeambiwa bei yake ya kutuma fedha. Uso ni wa mtumiaji, sheria ni ya wote.

Kama bado hujanielewa, ndugu msomaji, kumbuka ratiba yetu ya masomo. Ile ya kweli iko katika chumba cha walimu. Kila darasa lina nakala yake ukutani. Ikibadilishwa kule na nakala zisibadilishwe, madarasa mawili hukutana kwenye mlango wa maabara, kila moja likisema zamu ni yake. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja amesoma karatasi yake.

Nikaanza upya. Niliacha Python nikaandika kila kitu kwa JavaScript, ili faili moja liweze kutumiwa na pande zote. Faili hilo nililiita "sheria". Ndani yake kuna hesabu ya riba, ya faini na ya salio, basi. Hupokea namba na kurudisha namba. Halisemi "karibu mama", halichapishi, halijui kama aliyeuliza ni simu au ni karatasi. Kisha nikaandika nyuso tatu: orodha ya kuchapisha, ukurasa wa simu ya mama, na ujumbe mfupi ambao mama huunakili na kuwatumia wale wenye kabambe. Nyuso hizo haziruhusiwi kuhesabu chochote. Kazi yake ni kuuliza na kuonyesha.

Kusema ni rahisi, kutenda ndiko kugumu. Nilipokuwa nikitenganisha niligundua tofauti nyingine mbili ambazo hakuna aliyeziona bado. Kwanza, karatasi ilikuwa ikionyesha senti, ilhali simu ilikuwa ikiondoa senti na kubakiza shilingi. Nilidhani hilo ni pambo tu. Mwalimu akaniuliza, "Je, mtu analipa kiasi gani?" Nikaona kwamba kuondoa senti kunabadilisha fedha zinazoingia sandukuni, kwa hivyo ni sheria, si pambo. Likaenda kwenye faili la sheria. Rangi ya maandishi, na kama jina litaandikwa juu au kando, hayo ndiyo mapambo. Pili, simu ilikuwa ikikataa mtu akiandika malipo yanayozidi deni, lakini kipakatalishi kilikuwa kikiyapokea bila kuuliza. Kizuizi hicho nacho nikakihamisha. Mlango mmoja ukiwa na mlinzi na mwingine hauna, mwizi atatumia upi?

Tatizo moja lilibaki. Makampuni makubwa huweka sheria kwenye tarakilishi kuu moja, na simu zote huiuliza kwa mtandao. Mama hana fedha za kununua bando kila siku, na kipakatalishi chetu huzimika stima zikipotea. Kwa hivyo faili la sheria linakaa pia ndani ya simu yake. Hiyo ni nakala, na nakala zilikwisha nichoma. Mwalimu alinishauri kila uso uandike chini kabisa tarehe ya sheria unayoitumia. Karatasi na simu zikitofautiana tarehe, mtu yeyote ataona, hata asiyejua programu. Tena nikaomba wanachama wenyewe wahesabu mifano kumi kwa kalamu, ule mkopo wa omena ukiwa wa kwanza. Kila nikibadilisha kitu, programu hujibu kwanza ile mifano kumi. Ikikosa hata mmoja, siipeleki kwa mama.

Novemba 2025 chama kilipandisha faini ya kuchelewa kutoka shilingi 50 hadi 100. Mama alirudi na habari hiyo jioni. Nilifungua faili la sheria, nikabadilisha namba moja, nikafuata mifano, nikaliweka faili jipya kwenye simu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umebadilisha mahali pangapi?" akaniuliza.

"Pamoja tu, mama."

"Hebu nione tarehe."

Nikamwonyesha kwenye simu, kisha kwenye orodha. Zilifanana. Hata hivyo alichukua kalamu yake, akahesabu faini ya mtu mmoja kwenye daftari, akalinganisha, ndipo akaguna na kwenda kuinjika chai. Bado yeye ndiye mhazini. Lakini hajaacha tena kuuliza tarehe, na sidhani ataacha. Hilo ni kovu nililomwachia mimi.

Nyinyi wenzangu mnaosoma somo la tarakilishi, mtakapofanya mradi wenu wa KCSE katika Kidato cha Nne, mtashawishika kunakili hesabu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa sababu ni haraka. Hata mimi ilikuwa haraka. Lakini kabla hujanakili, jiulize nani atakayesimama mbele ya watu siku ambayo nakala mbili zitatofautiana. Huenda asiwe wewe.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hayo machache, kalamu yangu naiweka chini.